Matango Chini ya Chandarua

Jumatatu, 3 Machi

Sasa hivi mwanangu Bonge kaumwagia mche uji. Nilimwacha mlangoni na kikombe chake, nikageuka kuchukua jembe, kurudi namkuta amechuchumaa mbele ya mche wa kwanza niliopanda, kijiko mkononi, anaulisha. "Kula," anauambia. "Kula, kula." Ndilo neno lake kubwa siku hizi. Analisha kila kitu: mdoli, kiatu cha baba yake, tundu la kitasa. Nimeuosha mche kwa maji kabla sisimizi hawajapata habari. Sikumgombeza. Furaha niliyo nayo leo haikuacha nafasi ya hasira.

Ni miche ya matango, kumi na miwili. Nimeinunua kwa mama wa miche pale kona ya sokoni, kila mmoja ndani ya kikopo cha mtindi, majani mawili laini ya mviringo na la tatu lenye meno pembeni, linakwaruza kidogo ukilishika. Mama wa miche aliniambia mizizi ya tango haipendi kushikwashikwa, niutoe mche na udongo wake wote kama natoa keki kwenye chombo. Nikafanya hivyo hivyo, ulimi nimeung'ata nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

Niandike na habari ya mahali penyewe nisije nikasahau ilivyoanza. Nyuma ya jiko, kati ya ukuta na bafu, pana kiwanja kidogo, ukilala na mtu mwingine akalala miguuni mwako mmekimaliza. Kilikuwa cha vyuma chakavu. Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, ni fundi wa kuchomelea, na anataka kumwaga zege pale aweke banda la kazi yake. Mimi nikasema pale panafaa bustani. Sijui nilipata wapi ujasiri. Mume wangu yuko mbali kwenye kazi ya ujenzi, hakuwepo kunikanyaga mguu chini ya meza. Nyumba ni ya mama mkwe, kwa hiyo wote tukamgeukia yeye. Alikuwa anapepeta mchele. Alipepeta mpaka akamaliza, halafu akasema:

"Mvua zikiisha nitaangalia. Kama pale panalisha nyumba, pabaki hivyo. Kama hapalishi, mwanangu amwage zege lake."

Basi. Sijawahi kuwa na kitu changu katika nyumba hii zaidi ya mtoto na begi nililokuja nalo. Mama mkwe si mtu mbaya, lakini tangu nimeingia ananiita mgeni. Mgeni, maji yanachemka. Mgeni, anua nguo. Mwanzoni nilidhani ni utani wa siku mbili tatu. Bonge sasa anatembea na anaongea, na mimi bado ni mgeni.

Jumanne, 4 Machi

Yote imesimama. Nimeitazama mara nyingi mno, hata shemeji kaniuliza kama inanidai.

Jumapili, 9 Machi

Mvua ya kwanza. Nilisimama mlangoni nikiicheka kama mwehu. Kila mche una jani jipya.

Alhamisi, 13 Machi

Kuku.

Nilikwenda kuchota maji tu. Kuku wa mama mkwe wanne walikuwa wameingia, wanachakura kana kwamba wamelipwa. Mitatu imeng'oka kabisa, mizizi juu, midogo na myeupe kama nyuzi. Nikaketi pale pale kwenye matope nikalia. Bonge naye akalia, kwa kuniunga mkono, halafu akaenda kuwapa kuku tope. Kula.

Shemeji akatoka na kikombe cha chai, akatazama, akasema pole. Kisha akasema zege halichakurwi na kuku. Ningemjibu ningesema maneno ambayo mtu na shemeji yake hawaambiani.

Sasa sikiliza. Mama mkwe alikuwa ameona yote kutoka dirishani. Aliingia chumbani kwake, nikasikia kasha linafunguliwa, akatoka na furushi mikononi. Chandarua. Cha zamani, kilikuwa cheupe, sasa kina rangi ya chai ya maziwa, kimetiwa viraka vidogo vidogo vya mkono, vizuri mno, ukipitisha kidole hukwami. Akaniambia wanawe wote wawili walilala ndani ya hicho, na hakuna mbu wala kuku aliyewahi kuwapata. Nikacheka, halafu nikaona yeye hacheki, nikaacha, halafu nikaona pembe ya mdomo wake imepanda.

Tulichomeka vijiti, tukakitandaza juu, tukabana pindo kwa mawe pande zote. Yeye alifunga mafundo, mimi nilishika. Alinikabidhi kitu kilichofunika watoto wake, akanikabidhi mimi, kwa ajili ya miche yangu tisa. Nimeandika hapa ili niwe na uhakika kwamba jambo hili limetokea.

Shemeji kalalamika kwamba sasa matango yana chandarua, naye analala na mbu.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua, jua, mvua. Yanakua hata ukiwa unayatazama. Yametoa vijiuzi vya kujishikia, vinajisokota kwenye kijiti kama mkono wa Bonge kwenye nywele zangu akinyonya. Sina cha kulalamika leo.

Jumapili, 30 Machi

Majani sasa yamefunika udongo wote. Ukipiga magoti ukachungulia chini ya chandarua unaona kijani mpaka mwisho, na harufu yake, sijui niseme nini, harufu ya maji yaliyokatwa. Hakuna jani lililoliwa. Kuku wanazunguka nje kama watu walionyimwa mwaliko.

Nilimweleza baba Bonge kwenye simu mpaka akaniambia nipumue.

Jumamosi, 5 Aprili

MAUA. Ya manjano, nimeamka nayo asubuhi. Nimeita nyumba nzima. Mengine yana shingo nyembamba tu, mengine nyuma yake yana kitango kidogo kilichokamilika, chenye vinyweleo, kama kidole cha mtoto aliyezaliwa jana. Mama mkwe alikuja na miwani yake. Aliinama muda mrefu. Akasema, "Kumbe hivi vinakuja na ujauzito wake tayari." Shemeji alichungulia naye, akakubali ni mazuri, akaenda zake akipiga mluzi. Nilihesabu vitango moyoni, nikajikataza mwenyewe kuhesabu, nikahesabu tena.

Jumanne, 8 Aprili

Vitango vitatu vimegeuka manjano vikaanguka. Labda maji yamezidi.

Alhamisi, 10 Aprili

Vimeanguka. Nimezibua mfereji ili maji yapite.

Ijumaa, 11 Aprili

Vimeanguka. Nimeweka jivu.

Jumamosi, 12 Aprili

Vimeanguka tena, na leo shemeji katoka na futi kamba. Alipima kutoka ukutani mpaka bafuni, akaandika kwenye kiganja. Namjua si mtu wa kuchokoza, ni mtu wa kazi, anahitaji mahali pa kufanyia kazi yake na mvua inamnyeshea barabarani. Ndiyo maana inauma zaidi. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika.

Akaniuliza kwa upole, "Shemeji, haya ni matango au ni maua ya kupambia harusi?"

Nilipogeuka nisimwonyeshe uso wangu, nikaona miguu miwili midogo imetokeza chini ya chandarua. Bonge. Alikuwa amejipenyeza palipo na jiwe lililolegea, amelala kifudifudi katikati ya majani. Amekwanyua ua lenye shingo nyembamba, kalishika kama kijiko, analisukumiza ndani ya ua jingine lenye kitango. "Kula. Kula." Nilimvuta kwa miguu, tope mpaka masikioni, unga wa manjano puani. Nikamgombeza sana, maua yenyewe ndiyo hayo hayakai na yeye anayakwanyua. Alinitazama kama mtu aliyefukuzwa kazi bila kosa.

Nimelirudisha jiwe na kuongeza jingine.

Jumatatu, 14 Aprili

Vimeanguka. Mama mkwe haulizi kitu, lakini nikiingia jikoni anatazama mikono yangu kwanza kuona kama nina chochote.

Alhamisi, 17 Aprili

Kimoja hakijaanguka. Ua lake limekauka, lakini chenyewe ni kijani, na kimenenepa. Nimekipima kwa kidole changu jana na leo. Kinazidi kidole.

Simwambii mtu.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo naandika yote, hata kama mkono utauma.

Asubuhi mvua ilikatika, jua likatoka kali. Bonge alikuwa kalala. Nikaenda kukitazama kitango changu kimoja, sasa ni tango hasa, urefu wa kiganja. Vingine vyote vilivyolizunguka vimeanguka, manjano chini. Nikajiuliza, wewe una nini wenzako hawana? Udongo ni ule ule, maji ni yale yale, jivu nililomwaga lilifika kote. Nikakaa pale juu ya ndoo iliyopinduliwa nikafikiri. Nani alikugusa?

Na hapo hapo nikajua nani alikugusa. Ni pale pale nilipomvuta Bonge kwa miguu.

Bado sikuelewa. Nikasikia mlio. Nyuki, juu ya chandarua. Alikuwa anatembea kwenye kitambaa, anakwenda, anarudi, anaingiza kichwa kwenye tundu, hakipiti, anakwenda tundu jingine. Maua yako chini yake kabisa, anayaona, anayanusa, yamefunguka yanamsubiri. Akaja mwingine. Wanatembea juu ya chandarua cha mama mkwe kama watu wanaotafuta mlango wa nyumba. Walihangaika, wakachoka, wakaruka wakapita ukuta wakaenda kwa jirani.

Nilicheka peke yangu juu ya ndoo mpaka machozi yakatoka. Siku zote hizi nimezibua mifereji na kumwaga jivu, na kosa letu ni kwamba tumeyalinda sana. Ua la shingo nyembamba lina unga, ua la kitango linausubiri, na aliye na kazi ya kuupeleka tumemfungia nje. Mtu mmoja tu katika nyumba hii ndiye aliyeyalisha, nami nikamtoa kwa miguu.

Furaha ile ilidumu kama dakika ya kuku kunywa maji. Kwa sababu dawa yake ni kuondoa chandarua. Na chandarua ndicho kitu pekee mama mkwe aliwahi kunipa kwa mkono wake. Nikimwambia zawadi yako ndiyo imetuua kwa njaa, nitakuwa mgeni mpaka nizeeke.

Nilizunguka uwanja. Nilianua nguo ambazo hazijakauka. Nilimwamsha Bonge ambaye angeweza kulala bado. Mwisho nikaenda na yeye mgongoni, mama mkwe anakuna nazi, nikachuchumaa mbele yake, nikaanza kwa mbali sana, kuhusu hali ya hewa. Akaniambia niseme kilichonileta. Nikasema yote: nyuki, unga, tundu, Bonge. Nilisema haraka ili nisipate nafasi ya kuogopa. Nikamalizia kwamba chandarua ni kizuri, kimefanya kazi yake, hakuna jani lililoliwa, ila.

Nikakwama kwenye "ila".

Aliweka nazi chini. Akasimama, magoti yakalia. Akaenda mpaka uwanjani, akasimama akitazama. Nyuki mmoja alikuwa amerudi, anatembea. Mama mkwe alimfuata kwa macho kutoka upande mmoja mpaka wa pili.

"Chandarua ni cha mtoto aliyelala," akasema. "Hawa si wameshaamka?"

Akainama akaondoa jiwe la kwanza kwa mkono wake.

Tulikikunja pamoja, pembe kwa pembe, kama shuka. Tulipokutana katikati alinishikisha upande wake na kuniambia nikifue vizuri, kina kazi nyingine mbele, na akatazama tumbo langu kwa namna ambayo sikuitarajia. Nikamwambia hakuna kitu huko. Akasema hajauliza.

Kuku sasa wamefungwa kamba miguuni. Wamekasirika sana.

Jumapili, 20 Aprili

Mvua kubwa. Hakuna nyuki. Hata mimi ningekuwa nyuki nisingetoka.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Maua yanafunguka asubuhi, jioni yamenyauka, hakuna aliyekuja. Na shemeji kasema wanatangaza redioni mvua ziko ukingoni. Tukingoja nyuki na jua vije pamoja, mvua zitaisha na mimi nina tango moja.

Jumatano, 23 Aprili

Nimekwenda mwenyewe. Mwavuli begani, Bonge mgongoni. Nimekwanyua ua la shingo nyembamba, nimevua majani yake ya manjano kama namenya kitu, nikapapasa unga wake ndani ya ua lenye kitango. Bonge alikuwa anapiga kelele sikioni kunielekeza. Kula, kula, kula. Nimelisha kumi na nne.

Alhamisi, 24 Aprili

Mama amekuja na miwani na mwavuli wake. Aliuliza anashika wapi. Kazi yake ni safi kuliko yangu, ni mikono ile ile ya viraka. Baada ya nusu saa akaanza kuongea na maua. Huyu simpendi, mwembamba mno, huyu anafaa, njoo baba, mchumba wako huyu hapa, usione haya. Nilicheka mpaka mwavuli ukaniponyoka.

Shemeji akatoa kichwa mlangoni, akauliza tunafanya nini kwenye mvua watu wazima wawili.

"Tunaoza," Mama akamjibu bila kugeuka. "Wewe umekataa kuoa, nifanyeje."

Mlango ukafungwa polepole.

Jumapili, 27 Aprili

Havijaanguka! Vya Jumatano vyote isipokuwa viwili. Vimesimama, vimenenepa, shingo zimeinama kwa uzito. Nimeuliza mikono yangu kama ni yangu.

Jumanne, 29 Aprili

Jua la asubuhi, nyuki tele. Mama kaleta kiti kabisa. Anasema amepewa likizo.

Jumapili, 4 Mei

Tango la kwanza kuchumwa. Baridi mkononi, vinundu vidogo, umande. Mama alilikata mezani, nyumba nzima ikanukia maji yale. Tulikula kama watu walio ibadani. Bonge alipewa kipande, akakitazama, akakiingiza mdomoni mwangu kwanza.

Jumatano, 7 Mei

Beseni limejaa. Tumekula matango asubuhi na jioni. Mama kapeleka mengine kwa jirani wa ukuta, kurudisha nyuki, anasema.

Jumatano, 14 Mei

Siku ya tatu hakuna mvua. Udongo umeanza kupasuka njiani. Shemeji kaleta mfuko wa saruji, kauegemeza kwenye mlango wa nyuma, kaondoka kwenda kazini. Ahadi ni ahadi, Mama alisema ataangalia, na hajasema bado ameona nini. Nimechuma leo beseni jingine na bado usingizi umenipita kando. Matango ni mengi, lakini banda nalo lingelisha nyumba, hilo mtu hawezi kulikana.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika nimekaa kizingitini, upesi, kwa sababu kuna nyundo inalia hapa nje na sitaki kupitwa.

Asubuhi shemeji alikuwa nyumbani. Alisimama mlango wa nyuma mikono mfukoni, akamwambia Mama kwamba mvua zimeisha. Mama akasema kweli zimeisha. Akaingia ndani, akatoka na lile beseni la matango, zito, nilitaka kumsaidia akanizuia kwa kiwiko. Akaliweka juu ya mfuko wa saruji. Likakaa pale, kijani juu ya kijivu. Akajifuta mikono kwa kanga.

"Nilisema nitaangalia," akamwambia. "Nimeangalia."

Shemeji alitazama beseni, akanitazama mimi, akalichukua tango moja akalivunja kwa goti vipande viwili. Kipande kimoja akampa Bonge. Bonge akapanda juu ya ndoo, akakisukuma kile kile mdomoni mwa baba yake mkubwa. Kula. Alitafuna mpaka mwisho na macho yakiwa juu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa asiyechukia sana, sasa saruji yake aimwage wapi, kwenye chai? Mama akamwonyesha mbele ya nyumba, pale palipo na tangi bovu lisilofaa kitu. Kumbe ameshapapima, kwa hatua zake mwenyewe, na pana upana zaidi. Shemeji alikwenda akaona, akarudi amebadilika uso.

Halafu akasimama mbele ya bustani yangu, akashika kijiti kimoja kilichopinda kwa uzito, akatikisa kichwa. Alisema watu wakipita wakaona nyumba ya fundi wa vyuma ina vijiti kama hivi, nani atamletea kazi tena. Ameleta nondo. Anatengeneza kichanja, cha kudumu, cha kuchimbiwa chini, na Mama ndiye msimamizi, anamwamuru kama kibarua wa siku ya kwanza.

Lile tango la kwanza kabisa, la Bonge, nimekataa lisichumwe. Limekuwa kubwa kama mguu wake, limeanza kugeuka manjano. Nataka liive kabisa, nitoe mbegu, nizianike, msimu ujao nianze mwenyewe tangu kikopo, na Mama kasema atanitunzia ndani ya kasha lake, pamoja na chandarua, nimekifua kikawa karibu cheupe tena, na

Kuna anayeitwa huko nje. "Mwanangu, njoo ushike hapa." Nilidhani Mama anamwita shemeji, lakini shemeji yuko mbele yake pale pale, mikono yote miwili imeshika nondo, anacheka, ananielekezea kidevu, na Mama ananitazama mimi, anarudia, anayeitwa ni